Ndege haihesabu watu wa mji, inahesabu saa zake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua. Najua nimeandika ndefu, ukikata kata pale utakapoona napiga domo, ila ile hesabu ya viti naomba uiache ilivyo.

Kila shirika dogo la ndege likitangaza ruti mpya, wiki inayofuata ukurasa wenu unajaa barua za aina moja. Kwa nini wao na sio sisi. Mji wetu una watu wengi kuliko wao, chuo tunacho, hospitali kubwa tunayo, uwanja umekarabatiwa juzi tu, halafu ndege inapita juu ya vichwa vyetu inaenda kutua kwa wenzetu. Na hakosekani yule wa kuandika kwamba mkurugenzi wa shirika anatokea kule ndo maana. Mimi nimekaa miaka mingi kwenye chumba wanachopangia hayo mambo, shirika silitaji na halina haja ya kutajwa, na nakwambia ukweli, mkurugenzi wetu hata angetaka kupeleka ndege kwao asingeweza, maana ndege zilikuwa chache na kila moja ilikuwa imeshashikwa toka alfajiri mpaka usiku.

Hapo ndo swali zima linapokosewa. Watu wanadhani mji unashindana na mji. Kumbe ruti inagombania ndege na ruti zingine za shirika lilelile, ndege ileile moja, saa zilezile. Mji wako unaweza ukawa na abiria wa kutosha kabisa, ruti ikalipa, na bado ndege usiione, kwa sababu zile saa kuna mahali pengine zinaingiza hela zaidi. Mtu wa mipango hakai akiuliza kama mtalipa, anauliza mtalipa zaidi ya nani.

Hebu nikuonyeshe siku ya ndege moja. Tuchukue ATR 72, hizi za mapangaboi mawili zenye viti 70 hivi, mashirika mengi madogo duniani ndo wanazotumia kwa safari fupi kwa sababu zinakula mafuta kidogo kuliko jeti. Inaamka saa 12 asubuhi, inaenda mji wa kwanza inarudi, saa 4 asubuhi inatua nyumbani. Safari inayofuata, ile nzuri inayojaa, inaondoka saa 7 mchana. Kwa hiyo hapo katikati kuna masaa 3 ndege imekaa tu juani, na ndege ikikaa chini kodi yake, yaani hela tunayolipa kwa kuikodi, inaendelea kusoma kama mita ya teksi. Sasa bosi anakuja anasema tafuteni kitu cha kuweka hapo. Umeona? Hakuna aliyesema tutafute mji. Tumeanza na tundu kwenye ratiba.

Tunapiga hesabu. Ikitua saa 4 inahitaji dakika 25 kushusha, kufagia, kujaza mafuta na kupakia. Kule inakoenda dakika 25 zingine. Na kabla ya ile ya saa 7 lazima iwe imerudi nyumbani dakika 25 kabla. Ukitoa zote unabaki na saa 1 na dakika 45 za kwenda na kurudi, gawa mara mbili, dakika 52 kila upande, na ndani ya hizo 52 kuna kutembea chini uwanjani mpaka kwenye njia ya kurukia, kupanda, kushuka, kusubiri zamu ya kutua. Ndege yenye spidi ya kilomita 500 kwa saa hapo inakupa kama kilomita 300. Tunachukua ramani tunachora duara. Miji iliyo ndani ya duara inajadiliwa. Mji ulio kilomita 340, hata uwe mkubwa mara mbili, siku hiyo hautajwi kabisa, na watu wake hawatakuja kujua maisha yao yote kwamba walikosa ndege kwa dakika 5.

Kuna wanaosema si muongeze ndege nyingine. Sawa, ila kabla ya kununua ndege angalia kwanza dakika za zile ulizonazo. Southwest ya Marekani ilianza kuruka Texas mwaka 1971 ikiwa na Boeing 737 tatu, ikaongeza ya nne, 1972 hela ikakata ikabidi waiuze ile ya nne. Ratiba ya ndege nne wakaendelea kuiruka kwa ndege tatu, kwa kubana muda wa kukaa getini mpaka dakika 10. Yaani walizalisha ndege nzima kutoka kwenye dakika za getini. Sisi tulijaribu kushusha kutoka 25 mpaka 20 na kila siku kulikuwa na begi la mtu limebaki, kwa hiyo tukarudi 25 kimyakimya.

Sasa ile hesabu ya viti. Bosi wetu wa kwanza alikuwa hataki kusikia gharama kwa hela, alitaka kila kitu kisemwe kwa viti, na mpaka leo naona ndo njia nzuri kuliko zote ya kumwelewesha mtu. Namba hizi natunga kwa mfano tu lakini umbo lake ni la kweli. Ndege ina viti 70. Mafuta yanakula viti 14. Kodi ya ndege na bima viti 10. Matengenezo 9, maana kila ukiruka ukitua unaweka hela pembeni kwa ajili ya injini, matairi na miguu ya ndege, uwe umeenda mbali au karibu. Marubani na wahudumu viti 6. Ada za kutua na za waongoza ndege 6. Ofisi, mfumo wa tiketi na kamisheni za mawakala 4. Jumla viti 49. Maana yake abiria 49 wa mwanzo wanapanda kwa faida ya watu wengine, shirika linaanza kula kuanzia abiria wa 50. Ukiwa na wastani wa abiria 45 ndege inaonekana imejaa, anayeshuka anasema jamani hii ruti inalipa sana wanaringa tu, kumbe kila ikipaa mnapoteza viti 4.

Halafu kiti sio kiti. Aliyekata tiketi miezi miwili kabla kwa bei ya ofa ni nusu kiti kwenye hesabu yangu, aliyekata jana usiku kwa sababu ana kikao leo huyo ni kiti kimoja na nusu. Ndo maana sisi tulikuwa hatuulizi mji una watu wangapi. Tulikuwa tunauliza una watu wangapi wanaoamua safari kwa kuchelewa na tiketi inalipwa na ofisi. Mji wa watu laki 1 wenye mgodi au bandari unaweza kuushinda mji wa laki 8 ambao watu wake wanasafiri kwenda kusalimia ndugu, tena wote wiki moja ya sikukuu. Wiki ya sikukuu kila ruti inajaa bwana, hata mbovu. Nionyeshe Jumanne ya mwezi mfu, mchana, upande wa kurudi. Hapo ndo nitakwambia kama kuna ruti au hakuna.

Na upande wa kurudi watu wanausahau kabisa. Ijumaa ndege inatoka mjini imejaa inarudi na abiria 12, Jumapili jioni kinyume chake. Ukichukua ile ya Ijumaa ukaipiga picha ukaituma kwenye makundi ya simu kila mtu atashangilia, lakini mimi nahesabu zote mbili nagawa kwa mbili.

Kuna vitu vingine vidogo vidogo mtu wa nje hawezi kuvidhania. Sheria za nchi nyingi zinataka mhudumu mmoja kwa kila viti 50. Kwa hiyo ndege ya viti 50 ina mhudumu mmoja, ukiongeza kiti kimoja tu unaajiri wa pili, ndo maana utaona kuna ndege kibao duniani zimeishia hapohapo 48, 50. Kingine ni zimamoto. Daraja la zimamoto la uwanja linapangwa kwa urefu na upana wa ndege, ndege ya kuanzia mita 18 mpaka kabla ya 24 iko daraja la 4, kuanzia mita 24 mpaka kabla ya 28 ni daraja la 5. ATR 42, ile ndogo ya viti 48 hivi, ina mita 22 na kitu, ATR 72 ina mita 27 na kitu. Ndugu wawili wa tumbo moja, mmoja anatua kwenye uwanja wenu na mwingine kwa kawaida anadai zimamoto iliyojipanga zaidi, maji zaidi, povu zaidi. Nakumbuka uwanja mmoja walijenga jengo la abiria lina vioo mpaka juu, kiyoyozi, sehemu ya wageni mashuhuri yenye makochi ya ngozi, tukaenda kukagua kila mtu anatupiga picha, mwenzangu akauliza gari la zimamoto liko wapi, akaonyeshwa limeegeshwa nyuma ya jengo, tairi moja ya mbele haina upepo na majani yameota mpaka kwenye bampa. Tukanywa soda tukaondoka. Wao mpaka leo wanajua tuliwakataa kwa sababu za kisiasa.

Na joto, na mwinuko. Uwanja ukiwa juu sana kama Addis Ababa, ule uko mita 2,300 na zaidi kutoka usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, injini na mabawa vinapata shida, ndege inataka njia ndefu zaidi au inapunguza mzigo. Uwanja mkubwa unamudu kwa sababu una njia ndefu. Uwanja mdogo ulio juu wenye njia fupi, saa 8 mchana jua linawaka, unaweza ukaambiwa ondoka na abiria 55 hao wengine waache. Rudi kwenye ile hesabu ya viti 49 uone kilichobaki.

Sasa tunajuaje watu wapo? Data za tiketi zipo, zinauzwa, zinaonyesha nani kakata kutoka wapi kwenda wapi. Tatizo zinaonyesha uwanja alioondokea, hazionyeshi nyumbani kwake. Mtu anaweza kutoka kwenu, akaendesha gari masaa 3, akapanda ndege kwenye uwanja wa jirani, kwenye kompyuta yangu anaonekana ni mtu wa huko. Hao tulikuwa tunawaita wanaovuja. Kuwapata nilienda mwenyewe kwenye maegesho ya ule uwanja wa jirani, asubuhi mbili, Jumatatu na Jumatano, toka saa 11 alfajiri, nina daftari na chai kwenye chupa, nauliza madereva mnatoka wapi. Siku ya kwanza mlinzi alinifukuza akidhani napeleleza magari ya kuiba. Siku ya pili nikamweleza, akanicheka, akaniambia si ungeniuliza mimi, magari ya kutoka kule yanakuja na vumbi jekundu mpaka kwenye vioo, hesabu mekundu. Tukahesabu mekundu. Asubuhi ile yalikuwa 31, na mengine yalikuwa hayana mtu mmoja, yana watatu wanne wamechangia. Ile data tuliyonunua ilikuwa inasema mji ule una abiria 9 kwa siku.

Wengi wa wale wa magari mekundu walikuwa hawaishii kwenye mji mkubwa. Wanaunganisha ndege waende mbele. Hili nalo kubwa. Viwanja vikubwa ndege zinakuja kwa mawimbi, zinatua nyingi kwa pamoja, watu wanabadilishana, zinaondoka nyingi kwa pamoja. Ruti ndogo ikitua dakika 40 kabla ya wimbi kuondoka inaishi, ikitua dakika 20 baada ya wimbi kuondoka imekufa hata kama kila kitu kingine kiko sawa, maana hakuna atakayekaa kwenye benchi masaa 6. Sasa kumbuka lile tundu letu la saa 4 mpaka saa 7. Tundu liko pale lilipo, wimbi liko pale lilipo, vikikutana ni bahati, visipokutana unaanza kusogeza ratiba nzima kama mtu anayepanga fanicha chumba kimoja.

Kuna nchi ambazo hata hilo shirika dogo halichagui. Marekani, SkyWest iliyoanza 1972 safari zake nyingi sana inaruka kwa mkataba chini ya majina ya wakubwa, United, Delta, American, Alaska. Mkubwa ndo anachagua ruti, anauza tiketi, anapanga nauli, mdogo analipwa kwa kurusha tu. Ukiwaandikia barua SkyWest kwa nini hamji kwetu umekosea anuani.

Mpinzani mkubwa mara nyingi hata sio shirika lingine, ni barabara na treni. Ufaransa treni ya TGV Paris mpaka Lyon ilipoanza 1981 abiria wa ndege walihama. Hispania nako Madrid na Barcelona baada ya reli ya kasi kufika 2008 ikawa hivyohivyo. Na 2023 Ufaransa wakaenda mbali zaidi, wakapiga marufuku kisheria safari chache za ndege za ndani ambazo treni inafika chini ya saa 2 na nusu. Huhitaji hata treni ya kasi, lami mpya tu inatosha. Tulikuwa na ruti moja nzuri miaka, barabara ilikuwa mbovu masaa 7, ikajengwa ikawa masaa 4, mabasi yakaongeza viti vya kulala, tukaisha. Ndo maana mtu wa ruti akiona ramani anapenda maji na milima. Norway kuna Widerøe wanaruka kwenye viwanja vidogo vya pwani vyenye njia za mita 800 tu, kwa sababu ukienda kwa gari unazunguka vidole vyote vya bahari vilivyoingia nchi kavu. Scotland kisiwa cha Barra uwanja wenyewe ni ufukwe, ndege inatua kwenye mchanga na ratiba inafuata bahari, maji yakijaa uwanja hakuna. Hukohuko Scotland kuna ruti kati ya visiwa viwili, Westray na Papa Westray, haifiki kilomita 3, ratiba inaandika dakika 2 na upepo ukiwa mzuri hata hazifiki. Kwa hesabu yangu ya viti hiyo ni kichekesho. Ipo kwa sababu serikali inailipia.

Ya kuvuka mpaka nayapita haraka maana ni kichaka. Mkataba wa Chicago wa 1944 unasema shirika haliendi na safari za ratiba kwenye nchi nyingine bila ruhusa ya nchi hiyo. Kwa hiyo nchi zinakaa mbili mbili zinakubaliana, mashirika mangapi, mara ngapi kwa wiki, kwenda wapi. Afrika walikubaliana kufungua anga mwaka 1999 pale Yamoussoukro, Ivory Coast, ikalala, Januari 2018 Umoja wa Afrika ukazindua soko moja la anga nchi 23 zikaingia. Kwenye karatasi. Ukweli ni kwamba bado unaweza kuwa na ndege, una abiria, una tundu kwenye ratiba, ukasubiri sahihi ya mtu mmoja ofisi ya ng'ambo. Na ukipata sahihi unaweza ukakosa nafasi ya kutua, viwanja vilivyojaa kama Heathrow kila dakika ya kutua ina mwenyewe, na mwenyewe asipoitumia angalau asilimia 80 ya msimu ananyang'anywa, kwa hiyo wengine wanaruka hata hasara ili wasiipoteze.

Nikwambie na tulipokosea, usije ukadhani nawasifia wenzangu. Ule mji wa magari mekundu tuliufungua. Mimi ndo niliupigania. Tukaweka Jumatatu, Jumatano na Ijumaa kwenye lile tundu la saa 4 na nusu asubuhi. Wiki tatu za kwanza ndege ilijaa, siku ya kwanza maji ya zimamoto yalirushwa juu, ngoma, hotuba, mimi nimesimama nyuma najiona mshindi. Mwezi wa pili abiria 40. Mwezi wa tatu 30. Nikarudi kule kuuliza, mama mmoja muuza vifaa vya maabara akanijibu kwa sentensi moja, mwanangu mimi nataka niende asubuhi nirudi jioni, ndege yenu inanipeleka saa 5 inanirudisha keshokutwa, hoteli usiku mbili nani analipa. Kweli kabisa. Tulikuwa tumempelekea saa zetu, sio zake. Dawa ilikuwa kuiweka alfajiri na jioni, na jioni ilikuwa haiwezekani kwa sababu uwanja wao hauna taa, jua likizama umefungwa. Nililijua hilo la taa kabla, nikaliandika mwenyewe kwenye ripoti ukurasa wa mwisho, ila sikulipa uzito kwa sababu nilishaipenda ruti. Mwezi wa tano ikafungwa. Ruti mpya inahitaji mwaka hivi ipevuke, watu wazoee, ofisi zibadilishe taratibu zao, lakini bosi mwenye ndege chache hana mwaka wa kukupa wakati ruti nyingine inaomba ileile ndege.

Wakati tunafunga zikaenda barua serikalini, na kutoka serikalini nako zikaja barua kwetu. Mimi sipingi serikali kutaka ndege iende mahali. Ila iseme na ilipe hadharani. Marekani walipoacha kupanga ruti na nauli kwa sheria ya 1978 walijua miji midogo itaachwa, wakaweka mpango wa kulipia safari za hiyo miji, upo mpaka leo. Ulaya nao wana utaratibu wa serikali kutangaza zabuni, ruti fulani, mara kadhaa kwa siku, nani ataichukua kwa ruzuku ndogo zaidi. Hapo kila mtu anajua nani analipia vile viti 4 vinavyopungua. Kibaya ni ile ya kupigiwa simu, unaambiwa kwa sauti ya kirafiki fikirieni pale, unapeleka ndege, hasara unaificha kwenye nauli za abiria wa ruti zingine ambao hawajui kitu. Punguzo la ada za kutua nalo zuri lakini mnaona ada kwenye ile hesabu ni viti 6 tu, hata mkifuta zote hamjaniokoa na Jumanne.

Wajumbe wa miji niliwapokea wengi. Wanakuja na video, droni inapita juu ya mto, takwimu za watu, sijui tuna fursa lukuki. Ujumbe mmoja tu ndo nakumbuka ulinifanya nisogeze kiti. Walikuja wanne, watatu wakaongea nusu saa, wa nne mhasibu wa hospitali hakuongea kitu, mwishoni akanisukumia daftari la kaunta lenye jalada limechanika. Ndani ameandika kwa mkono kila safari ya mfanyakazi wa hospitali kwa miezi 12, tarehe, anakwenda wapi, amelala siku ngapi, nauli ya gari, posho, na amezunguka kampuni tatu za pale mjini wamempa za kwao vilevile. Kuna ukurasa ameandika Jumanne peke yake. Sikumwambia kitu ila nilijua hapohapo kwamba hawa ni ndege ya viti 48, kila siku ya kazi, alfajiri na jioni, na swali likabaki ATR 42 ilale wapi. Ikalala kwao. Walikuwa na taa.

Basi ombi langu kwa waandishi wenu, wakienda kwenye mkutano wa shirika lolote kutangaza ruti, waache kuuliza lini mtakuja na kwetu, jibu lake ni tabasamu. Waulize ndege ya ruti hii leo inafanya nini saa hizo, tarehe ya kuanza itatolewa kwenye ruti gani, inatua saa ngapi na inalala wapi. Na wakiambiwa itakuwa mara tatu kwa wiki saa 4 na nusu asubuhi, waandike tu na tarehe, halafu wapite tena baada ya miezi mitano.

Ni mimi msomaji wenu,
mpanga ratiba mstaafu